Morogoro, Udzungwa, Lushoto au Amani? Chagua kwa miguu yako, sio kwa picha

Kila sikukuu ndefu ikikaribia lile swali linarudi kwenye magrupu ya WhatsApp: jamani tuko watu sita saba, tunataka kutoka Dar twende sehemu yenye msitu, maporomoko, tutembee tupunguze vitambi, wapi pazuri? Na majibu ni yaleyale. Mmoja atasema Lushoto, mwingine Udzungwa, alafu anatokea mtu anarusha picha ya maporomoko ya Sanje, yale ya Udzungwa, na mjadala unaishia hapo maana picha ni kali. Watu wanachanga, gari linakodiwa, wanafika wanakuta nusu ya grupu haijawahi kupanda hata ngazi za ghorofa ya tatu, wawili wamekuja na sendo, na kuna dada kamleta mtoto wa miaka mitano.

Mi naona picha ndo inawaponza watu. Kwenye picha kote ni kijani, kote kuna maji yanaanguka, huwezi kujua kwamba hii njia inakutaka masaa manane na ile nyingine unaitembea huku unakula peasi. Kwa hiyo nimeziweka hapa hizi sehemu nne ambazo watu wa Dar huwa wanazishindanisha, nikazilinganisha kwa mambo ambayo ukishafika kule ndo yanakufurahisha au yanakutesa: barabara, mlima wenyewe, unachokiona, unaenda na nani, na mvua.

Kitu kimoja cha kujua kabla hatujaanza, zote nne ziko kwenye Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya unashuka Pare, Usambara, Uluguru mpaka Udzungwa. Ni milima ya zamani sana, inapokea unyevu kutoka bahari ya Hindi, na kila mlima msitu wake umekaa peke yake kwa muda mrefu mno mpaka umekuwa na viumbe vyake ambavyo mlima wa jirani havipo. Ndo maana mtu akikwambia "misitu yote ni sawa tu" muache. Kiutawala, Udzungwa ni hifadhi ya taifa iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wakati Uluguru (ile milima ya Morogoro), Amani na Magamba (ule msitu wa juu ya Lushoto) ni hifadhi za mazingira asilia, ziko chini ya TFS, wakala wa misitu. Tofauti yake utaiona mbele.

Barabara kwanza

Hapa Morogoro haina mpinzani. Tangu SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, Dar mpaka Morogoro ni chini ya masaa mawili, yani unapanda treni ya asubuhi, unashuka Kihonda, bajaji mpaka mjini, unapanda mlima wako, unakula, jioni unarudi na kesho uko ofisini kama kawaida. Hakuna nyingine kati ya hizi nne inayokupa hiyo nafasi. Basi nalo lipo ila foleni ya kuanzia Kimara mpaka Kibaha itakula masaa uliyotaka kuyatumia msituni. Sema tiketi za treni wikiendi zinaisha mapema, kata mtandaoni siku kadhaa kabla, usije ukaenda stesheni Jumamosi asubuhi na begi mgongoni unatafuta siti.

Udzungwa unapita hiyohiyo Morogoro alafu unaendelea. Raha yake ni kwamba barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, kwa hiyo twiga, pundamilia na nyani unawaona dirishani bila kulipia, dereva anaenda taratibu maana kugonga mnyama pale ni faini. Ukifika Mikumi mjini unakunja kushoto kuelekea Kidatu, unapita mashamba ya miwa ya Kilombero, alafu Mang'ula ambapo ndo makao makuu ya hifadhi. Barabara ya Kidatu kwenda Ifakara siku hizi ni lami, zamani ilikuwa vumbi na mashimo mpaka unashuka huna rangi. Pamoja na hiyo lami, kutoka Dar hesabu siku nzima, hasa kama unabadilisha magari. Mtu anayekwambia Udzungwa ni tripu ya siku moja kutoka Dar hajaenda.

Lushoto kuna mabasi ya moja kwa moja, na ukikosa unapanda lolote la Moshi au Arusha unashuka Mombo, kutoka pale ni kilomita 33 hivi za kupanda tu, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande mwingine. Mwenye kutapika kwenye gari akae mbele na ameze dawa yake akiwa Mombo, akisubiri Soni atakuwa kachelewa.

Amani ndo yenye usumbufu. Dar mpaka Muheza hakuna shida, ni lami tupu, ila kutoka Muheza kwenda juu ni kama kilomita 35 za vumbi, na magari ya abiria ni machache, mengi yanapanda mchana na yanashuka alfajiri, ukilikosa unajadiliana na bodaboda na ujue bodaboda anajua kwamba huna namna. Wakati wa mvua gari dogo la chini usilipeleke kabisa. Lakini, na hii lakini ni kubwa, ukishafika geti la Sigi umeshaanza kuona kitu, maana kituo cha wageni ni nyumba ya mkuu wa stesheni ya enzi za Wajerumani, kulikuwa na reli inatoka Tengeni kwenye njia ya Tanga inaishia pale Sigi, kwa ajili ya mbao na mazao ya mlimani. Reli ilishang'olewa, nyumba imebaki msituni.

Mlima wenyewe, yani magoti yako

Watu wengi wanaogopa Udzungwa wanadharau Morogoro, "si hapo tu mjini". Hebu tupige hesabu. Mji wa Morogoro uko mita 500 na kidogo kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kile unachokiona ukisimama mjini kikiwa kimevaa wingu, kina mita 2,138. Hiyo ni mita 1,600 za kupanda, na kuzishuka, siku hiyohiyo. Kwa kulinganisha, siku ya kwanza ya Kilimanjaro njia ya Marangu unatoka getini mpaka Mandara, unapanda kama mita 850 na unalala. Kwa hiyo Lupanga ni karibu mara mbili ya ile, tena bila kulala. Njia imeenda wima, ukishaingia msituni ni mizizi na tope, kuna sehemu unashika miti kwa mikono, na kushuka ndo magoti yanalia. Mtu anayejiandaa na Kilimanjaro akitaka kujua kama yuko vizuri aende Lupanga, mlima utampa majibu.

Ila Morogoro hiyohiyo ina Morningside, na hapa ndo napenda kuwapeleka wanaoanza. Unatoka mjini upande wa Rock Garden, unapanda njia pana inayozunguka kwenye mashamba ya Waluguru, migomba, mboga kwenye ngazi za udongo, unapishana na kina mama wanashuka na mabeseni kichwani wanaenda sokoni wakiwa wepesi kuliko wewe uliyebeba chupa ya maji tu. Masaa mawili hivi ya kupanda bila haraka unafika kwenye nyumba kuukuu ya Wajerumani, mji wote uko chini, na hewa imeshabadilika. Ukichoka unageuka pale, ukiwa na nguvu kuna njia zinaendelea juu kuelekea msitu na Bondwa kwenye ile minara ya mawasiliano. Hiyo ndo nzuri ya Morningside, unaweza kuikatisha popote na usijisikie umeshindwa.

Sanje iko katikati ya hizo mbili kwa ugumu, ila ina kitu ambacho Morogoro hakuna, joto. Njia inaanzia chini kabisa bondeni kwenye kijiji cha Sanje, kwa hiyo unapanda ukiwa kwenye joto la Kilombero na unyevu wa msitu, shati linalowa hata kabla hujachoka. Mzunguko wote ni kama masaa manne, na kama mna watu wa kupiga picha kila jani hesabu matano au sita. Anzeni saa moja asubuhi. Kuna jiwe moja unatokea juu pale, msitu unafunguka ghafla na bonde lote la Kilombero liko chini yako, miwa imechorwa mistari mpaka macho yanaishia, alafu pembeni yako maji yanajitupa. Maporomoko yote yanashuka mita 170 kwa hatua, na kwenye hatua za juu kuna vidimbwi watu wanaoga, maji baridi, mwili unashtuka. Mawe yana utelezi wa kijani ambao hauonekani, ukitaka kusogelea ukingo kwa ajili ya picha vua wazo hilo kwanza. Asiyeweza Sanje ana njia fupi pale Mang'ula, ya maporomoko ya Prince Bernhard, yule wa Uholanzi aliyekuja kuzindua hifadhi mwaka 1992, haifiki hata saa nzima. Na mwenye kiu ya mlima wa kweli kuna Mwanihana, zaidi ya mita 2,000, unalala kwenye hema, hiyo sio ya grupu la ofisini.

Lushoto ukifika umeshapanda tayari, gari limekupandisha mpaka mita 1,400, kwa hiyo kutembea kwenyewe ni kwa starehe. Irente viewpoint ni kama kilomita tano sita kutoka mjini, njia ya gari inafika, unapita katikati ya nyumba za watu, mashamba ya kabichi, karoti, miti ya matunda, watoto wanakusindikiza. Kisha dunia inakatika. Kuna jabali limejitokeza, na chini yake karibu kilomita nzima wima kiko kijiji cha Mazinde na barabara kuu, malori yanaonekana kama siafu, na mbele yake nyika imetanda mpaka upeo. Kwa jasho kidogo namna hiyo kupata macho makubwa namna hiyo, kwa kweli hakuna pengine.

Amani vilima ni vifupi, juu kabisa hapafiki mita 1,200, kilima cha Mbomole ndo watu wanapanda kuangalia mashamba ya chai. Miguu haitakusumbua, kitakachokusumbua ni utelezi. Kule kunanyesha sana, udongo ni mwekundu na majani yaliyooza juu yake, kiatu kisicho na meno ni kama umevaa sabuni.

Sasa unaona nini

Hapa ndo watu wanapishana, na hapa ndo mi nina upendeleo wangu nausema wazi.

Kama unataka wanyama, Udzungwa. Ni hifadhi ya kutembea kwa miguu tu, hakuna barabara ya gari ndani yake kama Mikumi, na tembo na nyati wapo humohumo msituni, ndo maana huruhusiwi kuingia bila muongozaji, na njia za ndani zaidi unaenda na askari mwenye bunduki. Tembo wenyewe mara nyingi unaona kinyesi na miti iliyovunjwa tu. Wanaoonekana ni nyani na mbega, na sio wa kawaida: kuna mbega mwekundu wa Udzungwa anayeonekana mpaka karibu na makao makuu, na kuna ng'olaga, aina ya kima, ambaye wenyeji walikuwa wanamjua siku zote ila wanasayansi walikuja kumsikia mwaka 1979, hapo hapo Sanje, wakaandika kwamba ni aina mpya. Na kisa ninachokipenda zaidi ni cha kwale. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini huko milimani waliona miguu ya ndege wasiyemuelewa ndani ya sufuria, kitoweo cha watu, wakaanza kumtafuta akiwa hai, kumbe ni ndege ambaye hakuna kitabu kilichokuwa kimemuandika, na ndugu zake wa karibu wanadhaniwa kuwa Asia. Msitu wa namna hiyo ukitembea ndani yake unaangalia hata kuku wa kienyeji kwa heshima.

Uluguru nako kuna ndege ambao hawapo popote duniani zaidi ya pale, ila kwa mtu wa kawaida anayepanda Morningside au Lupanga hawaoni, wako juu kwenye vilele vya miti na wewe unahema. Uluguru faida yake ni mandhari na maji. Mto Ruvu unapata maji yake kutoka milima hiyo, na Ruvu ndo tunayokunywa Dar, kwa hiyo ukiona mgao wa maji Kinondoni ujue kuna habari inaanzia kule.

Magamba kuna mbega weusi wenye mikia myeupe wanaruka juu ya barabara, miti mikubwa, ukungu, na baridi ya kweli. Ni msitu mzuri ila ukweli ni kwamba Lushoto watu hawaendi kwa ajili ya msitu, wanaenda kwa ajili ya milima yenye watu. Zile safari za siku tatu nne za kutembea kutoka Lushoto kupitia Lukozi na Rangwi mpaka Mtae, unalala vijijini, unakula wanachokula, muda mwingi uko mashambani na kwenye njia za shule. Asiyependa kusalimia atapata tabu maana unasalimia kutwa nzima.

Amani. Hapa lazima upunguze mwendo. Ndo hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, ilitangazwa mwaka 1997, lakini hadithi yake inaanza 1902 Wajerumani walipoweka kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia waone ipi itakubali: mikwinini ya dawa ya malaria, mipira, viungo. Mingi bado imesimama, imekuwa majitu, unatembea kwenye barabara ya kawaida ya kijiji kumbe pembeni yako kuna mti wa Amerika Kusini na mwingine wa India. Mingine ilikubali kupita kiasi, kuna mmoja unaitwa Maesopsis umetoroka bustanini ukaingia msitu wa asili na mpaka leo unawasumbua wahifadhi. Alafu uliza muongozaji akuoneshe ua la urujuani la Usambara. Usitarajie mti, utainamishwa kwenye mwamba wenye maji, kivulini, na pale kwenye ufa kuna kishada cha majani manene yenye manyoya kama ya kitambaa cha mahameli, na viua vidogo vya zambarau vyenye nukta ya njano katikati. Hicho ndo kile kinachouzwa kwenye vyungu madukani Ulaya na Marekani, alikipeleka ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, von Saint Paul, miaka ya 1890 mwanzoni, na jina la kisayansi wakalipa Saintpaulia kwa heshima yake, japo siku hizi wanasayansi wameuingiza kwenye kundi la Streptocarpus. Mamilioni ya madirisha huko ughaibuni yamepambwa na mmea wa Muheza, na watu wa Dar wanapita Muheza wanaenda Tanga kula ngisi bila hata kugeuza shingo.

Na lala Amani, usirudi siku hiyohiyo. Usiku mnatoka na tochi na muongozaji, mnamulika vichaka vya pembeni ya njia, na mnawaona vinyonga. Mchana ungepita mbele yake mara kumi usimuone, ila usiku akiwa amelala kwenye ncha ya kitawi, mkia umejikunja, rangi yake inapauka na kwenye mwanga wa tochi anang'aa kama amepakwa chokaa. Ukishamuona wa kwanza jicho linazoea, unaanza kuwaona wengine, wakubwa na wadogo kama kidole cha mtoto. Wanaoamini kinyonga ni mkosi watapata shida kidogo hapa, lakini kwangu mi hiyo saa moja ya usiku inashinda maporomoko yoyote.

Watoto, wazee, na wale waliokuja kwa ajili ya picha

Ukiwa na wazazi au watoto wadogo usihangaike, Lushoto. Gari linafika Irente, kuna shamba pale linauza mkate na jibini, hali ya hewa haichoshi mtu, na asiyetaka kutembea anakaa anaota jua wenzake wakienda. Amani pia inafaa kwa mzee anayependa mimea maana bustani unaitembea barabarani. Morningside mtoto wa sekondari anaenda bila tabu. Sanje na Lupanga usimpeleke mtoto wa kubebwa, sio kwa ubaya, mtu atakayembeba ndo nitakayemuonea huruma.

Wapenda picha: Sanje na Irente. Amani itakusikitisha kwenye simu, giza la msitu linakula picha zote.

Hela na waongozaji

Sitaji viingilio kwa sababu vinabadilika na Mtanzania, mkazi na mgeni wa nje hawalipi sawa, pigia ofisi husika kabla. Ila jua hivi, kwa Mtanzania kiingilio sio kinachomaliza hela, kinachomaliza ni usafiri na malazi, kwa hiyo Morogoro kwa treni bila kulala ndo rahisi kuliko zote, na Amani kwa gari la kukodi ndo inaweza kuwa ghali kuliko zote japo kulala kwenye nyumba za wageni za hifadhi pale juu na Sigi sio gharama. Chakula Amani agiza mapema, hakuna mgahawa wa kuingia tu saa nane mchana ukakuta wali.

Beba kitambulisho cha NIDA maana bila hicho utajikuta unajieleza kuwa ni Mtanzania. Malipo yote ya TFS na TANAPA yanaenda kwa kontrol namba, unapewa namba unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo mtu akikuambia "nipe keshi hapa nitakulipia" mkatalie kwa upole. Hii inatokea zaidi kwenye mastendi, hasa Lushoto, vijana wanakupokea hata mguu haujagusa chini, kila mmoja ni muongozaji. Wapo wazuri wengi tu, ila muombe akupeleke ofisini kwao kwanza, akianza kuzunguka zunguka umeshamjua. Uluguru nako usipande kimya kimya ukadhani ni mlima wa bure, ukiingia eneo la hifadhi unatakiwa uwe na kibali na mtu wa kukuongoza, na Lupanga bila mwenyeji kwenye ukungu ni kutafuta kulala porini.

Mvua

Masika, Machi mpaka Mei, kaa nyumbani, au nenda Lushoto ukiwa tayari kuangalia ukungu dirishani. Sanje maji yanakuwa mengi na mazuri ila njia inakuwa hatari. Miezi ya kuanzia Juni mpaka Septemba ndo mizuri kwa zote nne, sema Lushoto na Magamba Juni na Julai ni baridi ya jaketi zito na blanketi mbili, sio baridi ya kusema "kuna kaubaridi". Amani haina kiangazi cha maana, inanyesha hata miezi ambayo Muheza kuna vumbi, koti la mvua ni lazima. Kwa Udzungwa na Amani ingiza suruali ndani ya soksi, utaonekana mshamba na kupe na siafu watakuheshimu.

Mi ningekupeleka wapi

Hujawahi kabisa kupanda chochote, una Jumamosi moja: Morningside, usibishane. Unataka kujipima: Lupanga, na Jumapili usipange kitu, hata kushuka kitandani utakuwa mradi. Grupu la vijana wenye pumzi, siku tatu, mnataka kuoga kwenye maporomoko na kurudi na picha za kuringia: Sanje, laleni Mang'ula. Harusi imeisha juzi, mnataka baridi na chai ya maziwa na matembezi ya kushikana mikono: Lushoto. Unapenda kuinama kuangalia kitu kidogo na kuuliza hiki ni nini: Amani, tena nenda na mtu mwenye tabia kama zako, ukienda na wa kuuliza "maporomoko yako wapi" atakuharibia.

Kama una siku nne au tano usichague kati ya Lushoto na Amani, ziunganishe. Anza Lushoto siku mbili, shuka Mombo panda gari la Tanga ushuke Muheza, malizia Amani. Zote ni Usambara, moja ya magharibi moja ya mashariki, ukizitembea mfululizo unaona kabisa kwamba ile ya Magamba ni msitu wa baridi na ile ya Amani ni msitu wa joto na unyevu, miti tofauti, harufu tofauti. Usianze Amani, maana ukitoka Amani ukaenda Irente utaona watu ni wengi mno.

Na kama mfuko haujakaa sawa mwezi huu, kuna Pugu na Kazimzumbwi hapo Kisarawe, nayo ni hifadhi ya mazingira asilia ya TFS, karibu sana na mji mpaka watu wanaidharau. Mlima hakuna, ni vilima vya kupandisha pumzi kidogo, msitu wa pwani, na yale mapango ya machimbo ya udongo mweupe yaliyojaa popo, beba tochi na kitambaa cha kuziba pua. Daladala za Kisarawe unazipata Gongo la Mboto, wahi asubuhi kabla ya jua, na maji ya kunywa nunua hukohuko mjini maana ukishaingia ndani hakuna duka.